Kukeneka Petroli ya Ndege: Mtihani wa Istilahi za Kiswahili Maabarani



1. Utangulizi

Mihadhara ya taaluma za Kiswahili ina mada zake zilizozoeleka: ushairi, riwaya, lahaja, sarufi, historia ya usanifishaji. Leo naomba ruhusa yenu niwapeleke mahali ambapo sisi watu wa lugha hatufiki mara nyingi. Ni kwenye meza ya maabara, ambapo mililita 100 za petroli ya ndege hupashwa moto ndani ya chupa ya kioo, mvuke wake ukapoozwa, na matone yake yakapimwa moja baada ya jingine hadi chupa ikauke.

Mjadala kuhusu uwezo wa Kiswahili kubeba sayansi ni wa siku nyingi. Upande mmoja husema kwamba lugha yoyote ya binadamu inaweza kueleza jambo lolote. Upande wa pili hujibu kwamba istilahi hazipo, na zilizopo hazitumiki. Pande zote mbili zina ukweli wake, lakini zote huzungumza kwa ujumla. Anayetetea hutaja kamusi, kama vile Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990. Anayepinga hutaja darasa ambamo kamusi hiyo haijafunguliwa. Hoja yangu leo ni kwamba idadi ya maneno yaliyomo kamusini haitoshi kuwa kipimo. Kipimo cha haki ni kuchukua utaratibu mmoja wa kisayansi, kuuandika wote kwa Kiswahili tangu jina la kitu hadi tarakimu ya mwisho, kisha kuuliza: je, mtu mwingine akiusoma na kuufuata, atapata jibu lile lile?

Nimechagua petroli ya ndege kwa sababu mbili. Kwanza, utaratibu wa kuipima ni mfupi, unaeleweka, na umewekewa masharti ya tarakimu, kwa hiyo hauvumilii lugha ya takriban. Pili, katika uwanja huu kosa la neno huweza kuishia angani.

2. Jina la kitu: "mafuta ya ndege" ni mafuta yapi?

Tuanze na jina. Mswahili wa kawaida akiulizwa ndege hutumia nini, atajibu: mafuta ya ndege. Jibu hilo ni sahihi na halitoshi. Neno "mafuta" katika lugha yetu limebeba mzigo mkubwa: tunayakaangia, tunajipaka, tunayatia katika taa, tunayajaza katika gari. Muktadha hutuokoa. Mpishi anayetuma mtoto dukani akalete mafuta haogopi kwamba ataletewa dizeli.

Katika kiwanja cha ndege muktadha hautuokoi. Ndege ndogo zenye injini za pistoni, kama Cessna 172 na Cessna 206, hutumia petroli maalumu ambayo aina yake iliyoenea zaidi huitwa Avgas 100LL. Ndege zenye injini za tabo, kuanzia Cessna 208 Caravan hadi zile kubwa za abiria, hutumia Jet A-1, ambayo kwa asili yake ni jamaa wa karibu wa mafuta ya taa. Caravan na 206 zinatoka kwa mtengenezaji mmoja, zote zina rafadha moja puani na bawa juu ya kichwa, na huweza kuegeshwa ubavu kwa ubavu katika uwanja kama Wilson wa Nairobi. Kila moja ina mafuta yake, na zote mbili, kwa Kiswahili cha kila siku, zinajazwa "mafuta ya ndege".

Tofauti yenyewe ni kubwa. Petroli ya ndege huanza kuvukizwa katika joto dogo, na kwa mujibu wa kiwango cha ASTM D910 yote inapaswa iwe imekwisha kukenekwa ifikapo nyuzi 170 za Sentigredi. Kwa Jet A-1, kiwango cha ASTM D1655 kinaruhusu asilimia 10 ya kwanza tu kufika hadi nyuzi 205, na mwisho wake hadi nyuzi 300. Kwa maneno mengine, inawezekana petroli ya ndege iwe imekwisha yote chupani kabla ya sehemu ya kumi ya mafuta ya taa haijatoka. Mafuta ya taa yakiingia katika injini ya pistoni iliyoundwa kwa petroli, hulipuka ovyo ndani ya silinda na kuiharibu injini. Hatari zaidi ni kwamba injini huweza kuwaka vizuri ardhini kwa petroli iliyobaki katika mabomba, ikamruhusu rubani kupaa, kisha ikamwangusha wakati hana urefu wala uwanja wa kurudia.

Watu wa usafiri wa anga wamejikinga kwa rangi, vibandiko na maumbo ya midomo ya bomba. Avgas 100LL hutiwa rangi ya buluu na kibandiko chake ni chekundu. Cha Jet ni cheusi. Sisi watu wa lugha tumewakinga kwa nini? Napendekeza tuache kabisa kuandika "mafuta ya ndege" katika maandishi ya kitaalamu, tuseme "petroli ya ndege" kwa ile ya injini za pistoni na "mafuta ya taa ya ndege" kwa ile ya injini za tabo. Majina haya hayahitaji kubuniwa. Kila mwenye jiko la mafuta ya taa na kila mwenye pikipiki anajua kwamba vitu hivi viwili havibadilishani nafasi.

3. Jina la tendo: kukeneka, kutonesha, kupika

Tendo lenyewe tuliite nini? Kukigeuza kimiminika kuwa mvuke kwa moto, kisha kuupooza mvuke huo uwe kimiminika tena, ni ufundi ambao Waafrika Mashariki wengi wanaufahamu, ingawa si wote watakaokiri hadharani. Gongo ya Tanzania na chang'aa ya Kenya hupatikana kwa njia hiyo hiyo: pipa, moto, bomba linalopita katika maji baridi, na chombo cha kupokelea. Mafundi wa kazi hiyo husema "kupika". Neno lao ni hai, lakini linataja moto peke yake, na mpishi wa ugali naye anapika.

Katika vitabu tunakutana na maneno mawili, kutonesha na kukeneka. "Kutonesha" lina uzuri wa kueleweka papo hapo, kwani kila mtu anaona tone. Udhaifu wake ni kwamba linataja hatua ya mwisho tu, ile ya mvuke kugeuka matone, na wapo wanaolitumia kwa maana hiyo finyu, hata pale ambapo hakuna aliyechemsha kitu, kama vile maji yanayojitokeza nje ya bilauri yenye barafu. Katika maabara yetu hatua hizo mbili zina vifaa tofauti na makosa tofauti. Moto ukizidi, kosa ni la uvukizaji. Maji ya kupoozea yakipata joto, kosa ni la utoneshaji. Tukitumia neno moja kwa sehemu na kwa kitu kizima, mwandishi wa taarifa hataweza kusema kosa limetokea wapi.

Kwa hiyo nachagua "kukeneka" kwa mchakato wote, "kuvukiza" kwa hatua ya kwanza na "kutonesha" kwa hatua ya pili. Najua pingamizi moja. Sikio la Mswahili likisikia mwisho wa -eka hudhani kitenzi ni cha kutendeka, kama someka na pendeka, hivyo huweza kutarajia petroli "ikeneke" yenyewe. Naomba tukumbuke kwamba lugha yetu ina vitenzi vingi vyenye umbo hilo ambavyo ni elekezi na hakuna anayetatizika: tunaweka kitabu, tunapeleka barua, tunateka maji. Matumizi ndiyo yatakayolizoeza sikio. Tuseme basi: fundi anakeneka sampuli, sampuli inakenekwa, na tendo lenyewe ni ukenekaji.

4. Utaratibu wenyewe

Sasa tuuandike utaratibu. Njia inayotumika sana ulimwenguni kwa petroli inajulikana kwa namba yake, ASTM D86, na ni miongoni mwa njia kongwe katika sekta ya mafuta. Kwa Kiswahili, kwa kifupi, inakwenda hivi.

Pima mililita 100 za sampuli kwa silinda ya kupimia. Mimina katika chupa ya kukenekea yenye ujazo wa mililita 125, ambayo shingo yake ina bomba dogo la pembeni. Ingiza kipimajoto shingoni, tunguu lake likae usawa wa mahali bomba la pembeni linapotokea, ili kipime joto la mvuke unaoondoka na si la kimiminika kinachochemka. Unganisha bomba la pembeni na bomba la kupoozea linalopita katika maji baridi. Weka silinda ile ile ya kupimia chini ya mdomo wa bomba hilo. Pasha moto, tone la kwanza lidondoke baada ya dakika 5 hadi 10. Andika joto la wakati huo. Rekebisha moto ili silinda ipokee mililita 4 hadi 5 kila dakika. Endelea kuandika joto kwa kila kiasi kinachopokewa. Mwishoni joto litapanda, litafika kilele, kisha litaanza kushuka. Kilele hicho ndicho joto la mwisho la mchemko.

Mabibi na mabwana, mmeona kwamba aya hiyo imesimama. Sikulazimika kukopa zaidi ya maneno machache yaliyokwisha kutoholewa zamani, kama sampuli na silinda. Vitenzi vyake ni vya nyumbani: pima, mimina, ingiza, pasha, andika. Kiswahili hakikwami hapa. Kinaanza kuyumba pale tarakimu zinapotakiwa kufasiriwa.

5. Kilichovukizwa na kilichopokewa

Kiwango cha D910 kinaweka masharti haya kwa petroli ya ndege: asilimia 10 iwe imevukizwa kabla ya joto kupita nyuzi 75, asilimia 40 isitimie kabla ya nyuzi 75, asilimia 50 isipite nyuzi 105, asilimia 90 isipite nyuzi 135, na mwisho usipite nyuzi 170. Kila sharti lina kazi yake. Sehemu nyepesi ya mwanzo huiwezesha injini baridi kuwaka. Sharti la asilimia 40 linazuia petroli isiwe nyepesi kupita kiasi, ikageuka mvuke ndani ya mabomba na kuziba njia yake yenyewe. Sharti la asilimia 50 linahusu injini kupata joto na kuitikia mkono wa rubani. Sharti la asilimia 90 linahakikisha kwamba hakuna sehemu nzito inayofika silindani ikiwa bado majimaji.

Angalieni neno "imevukizwa". Katika silinda ya kupimia fundi haoni kilichovukizwa, anaona kilichopokewa. Vitu hivi viwili havilingani, kwa sababu sehemu ndogo ya mvuke mwepesi hutoroka bila kugeuka tone. Tuchukue mfano wa kufundishia. Kati ya mililita 100, silinda imepokea 97.5, na katika chupa yamebaki masalio ya mililita 1.1. Jumla ni 98.6. Mililita 1.4 hazionekani popote; huo ndio upotevu, na kiwango kinauruhusu hadi asilimia 1.5. Sasa, ili kupata asilimia 10 iliyovukizwa, tunajumlisha kilichopokewa na kilichopotea. Kwa hiyo asilimia 10 iliyovukizwa inatimia silinda inapoonyesha mililita 8.6, si 10.

Tuseme kwamba silinda ilipoonyesha 8.6 kipimajoto kilisoma nyuzi 74.5, na ilipoonyesha 10 kilisoma 76. Anayesoma "iliyovukizwa" anaandika 74.5, na petroli inafaulu. Anayesoma "iliyopokewa" anaandika 76, na petroli hiyo hiyo inakataliwa. Mfasiri aliyetumia neno moja la jumla, kama "iliyotoka" au "iliyopatikana", amemwacha fundi achague mwenyewe, na mafundi wawili katika maabara mbili watachagua tofauti. Kanuni ya istilahi tunayowafundisha wanafunzi wetu, kwamba dhana moja ipate istilahi moja, mara nyingi huonekana kama sharti la unadhifu tu. Hapa inaonekana sura yake halisi: ndiyo inayoamua shehena ipokewe au irudishwe.

Tatizo la pili ni neno "kiwango", ambalo katika taarifa moja huweza kumaanisha hati ya masharti, kikomo kilichomo ndani ya hati hiyo, na joto ambalo kitu huchemka. Nimejaribu kuandika sentensi yenye maana zote tatu, na matokeo yake ni "kiwango cha juu cha kiwango cha kuchemka kwa mujibu wa kiwango". Sarufi yake haina kasoro, lakini msomaji hatoki nayo na kitu. Napendekeza "kiwango" libaki kwa hati, "kikomo" liwe la tarakimu isiyopitwa, na "joto la mchemko" lichukue nafasi ya "kiwango cha kuchemka".

6. Nairobi, Boulder na uzito wa hewa

Pendekezo hilo la mwisho lina sababu nyingine iliyo nje ya mtindo. Mtu akisema "kiwango cha kuchemka cha maji ni nyuzi 100", neno "kiwango" humfanya adhani kwamba jambo hilo limewekwa na halibadiliki. Ukweli ni kwamba kitu huchemka pale kanieneo ya mvuke wake inapolingana na kanieneo ya hewa inayokizunguka. Dar es Salaam, kando ya bahari, hewa hukandamiza kwa takriban kilopaskali 101. Nairobi, yenye mwinuko wa takriban mita 1,700, kanieneo ni karibu kilopaskali 83, na maji hayafiki nyuzi 100 kabla ya kuchemka. Maharage ya Nairobi hukawia jikoni kwa sababu hiyo hiyo.

Kwa hiyo sampuli moja ya petroli ya ndege ikikenekwa katika miji hii miwili itatoa tarakimu tofauti, na zote zitakuwa zimesomwa kwa uaminifu. Ili zilinganishwe, hurekebishwa hadi kanieneo ya kilopaskali 101.3 kwa mlinganyo unaobeba jina la mkemia Mwingereza Sydney Young. Marekebisho hupatikana kwa kuzidisha 0.0009 kwa tofauti kati ya 101.3 na kanieneo ya mahali, kisha kwa jumla ya 273 na joto lililosomwa.

Tuufanyie kazi. Fundi wa Nairobi amesoma nyuzi 100 kwa asilimia 50 iliyovukizwa. Kikomo ni 105. Anaona petroli imefaulu kwa nafasi nzuri. Tofauti ya kanieneo ni 18.3. Kuzidisha 0.0009 kwa 18.3 kisha kwa 373 kunatoa takriban 6.1. Joto lililorekebishwa ni nyuzi 106.1, na petroli imeshindwa. Katika fomu ya taarifa, tofauti kati ya kufaulu na kushindwa imekaa katika kivumishi kimoja: joto "lililosomwa" au joto "lililorekebishwa". Fomu inayoandika "joto" peke yake haijakamilika, hata kama kila tarakimu iliyomo ni sahihi.

Jambo la kupendeza ni kwamba sehemu ya kazi ya kina iliyochapishwa kuhusu ukenekaji wa petroli hii ilifanyika katika mji unaofanana sana na Nairobi kwa mwinuko, yaani Boulder, katika jimbo la Colorado nchini Marekani. Huko, katika taasisi ya taifa ya viwango na teknolojia, NIST, Tara Lovestead na Thomas Bruno walichapisha mwaka 2009 uchunguzi wa Avgas 100LL kwa njia iliyoboreshwa. Njia hiyo hutumia mililita 200, hupima joto katika kimiminika chenyewe pamoja na joto la mvuke, na hutoa nafasi ya kuchukua tone dogo katika kila hatua ili kulichunguza lina nini ndani yake. Nao pia, kwa sababu ya mwinuko wao, hurekebisha tarakimu kwa mlinganyo wa Sydney Young.

7. Muundo na viambato

Kwa nini watafiti hao walitaka kuchunguza kila tone? Kwa sababu mkunjo wa ukenekaji, peke yake, hausemi petroli imetengenezwa kwa nini. Hapa ndipo penye funzo kubwa kwetu.

Isooktani ni haidrokaboni inayochemka katika nyuzi 99.2. Heptani nyoofu huchemka katika nyuzi 98.4. Tofauti yao haifiki nyuzi moja, na katika chupa ya D86 hakuna awezaye kuzitenganisha. Lakini katika mizani ya oktani, inayopima uwezo wa petroli kustahimili mgandamizo bila kulipuka ovyo, isooktani imepewa 100 na heptani imepewa sifuri. Hizo ndizo ncha mbili za mizani yenyewe. Mtu akiondoa moja na kutia nyingine, mkunjo wa ukenekaji utabaki karibu ulivyo, na injini itaharibika. Ili kujua kilichomo, inabidi kutumia njia nyingine, kama kromatografia ya gesi, ambayo huvitenganisha viambato kimoja kimoja na kukipima kila kimoja kwa kiasi chake.

Sasa tazameni lugha yetu. Katika maandishi mengi, neno "muundo" hutumika kwa mambo mawili. Kwanza, jinsi atomi zilivyopangwa ndani ya molekuli. Pili, vitu vilivyochanganywa kufanya mchanganyiko. Isooktani na oktani nyoofu zina atomi zile zile, 8 za kaboni na 18 za haidrojeni. Zimetofautiana kwa mpangilio tu, na kwa sababu hiyo ya pili huchemka katika nyuzi 125.7. Hilo ni suala la muundo. Petroli ya ndege kuwa na alkileti yenye isooktani kwa wingi, tolueni, isopentani na viongezi vyake, hilo ni suala la vitu vilivyomo. Tukiyaita yote "muundo", mwanafunzi ataulizwa swali moja na kujibu jingine, na mtahini hatajua nani kati yao amekosea.

Neno tunalolihitaji liko madukani. Pakiti ya biskuti huandikwa "viambato", ikafuata orodha. Mama anayesoma pakiti hiyo anajua kwamba orodha haimwambii biskuti ina umbo gani. Tulichukue neno hilo maabarani: "muundo" kwa molekuli, "viambato" kwa mchanganyiko, na "uwiano wa viambato" pale kiasi kinapohusika.

8. Risasi

Kiambato kimoja kinastahili kutajwa peke yake. Avgas 100LL hupata sehemu ya oktani yake kutoka kwa tetraethili ya risasi, na kiwango kinaruhusu hadi gramu 0.56 za risasi kwa lita. Herufi mbili za LL maana yake ni risasi kidogo, kwa kulinganisha na petroli ya zamani ya daraja la 100 iliyoruhusiwa hadi gramu 1.12. Ni "kidogo" cha ulinganisho. Msomaji asichukue kwamba ni kidogo cha usalama. Risasi ni sumu ya ubongo, hasa kwa watoto. Petroli ya magari yenye risasi ilikoma kuuzwa ulimwenguni mwaka 2021, Algeria ikiwa nchi ya mwisho kuiacha, lakini ndege ndogo bado zinaitumia. Nchini Marekani, mamlaka ya usafiri wa anga pamoja na sekta yenyewe zilijiwekea mwaka 2022 lengo la kuiondoa ifikapo mwisho wa mwaka 2030.

Kwa Kiswahili, "risasi" ni madini na ni kitu kinachotoka katika bunduki. Nimesikia pendekezo kwamba tukope neno jipya ili kuondoa utata. Sikubaliani nalo. Maana hizo mbili ni ndugu, moja imezaa nyingine, na hakuna atakayedhani kwamba petroli imejazwa marisasi ya bunduki. Utata unaopaswa kuondolewa ni ule unaoweza kumpotosha mtenda kazi. Ule usiompotosha ni utajiri wa lugha, tuuache.

Lakini kubadilika kwa petroli hii kunatuhusu kwa namna nyingine. Petroli mpya zisizo na risasi zitakuja na viambato vingine na mikunjo mingine ya ukenekaji, na maelekezo mapya yatawafikia wajazaji, mafundi na marubani wa eneo letu. Kipindi cha mpito, ambapo matangi mawili yanasimama bega kwa bega, ndicho kipindi ambacho maneno ya takriban hudhuru zaidi. Tunao muda wa kujitayarisha.

9. Hitimisho

Ndugu Mwenyekiti, nimejaribu kuuandika utaratibu mmoja kwa Kiswahili mbele yenu. Matokeo yake naona ni haya. Kiswahili hakikukosa maneno. Pale kilipoyumba, tatizo lilikuwa neno moja kupewa kazi mbili: mafuta, kutonesha, kiwango, muundo. Na mara nyingi dawa ilikuwa karibu, katika jiko, katika duka au katika kitenzi tulichokwisha kuwa nacho.

Nawaomba wanaistilahi, hasa vijana mnaoandika tasnifu, mfanye mambo matatu. Msiishie kwenye orodha. Kila istilahi mnayoipendekeza iandikieni utaratibu kamili unaoitumia, na mmpe mtu aufuate. Ziwekeni istilahi zilizo jirani pamoja, kilichovukizwa kando ya kilichopokewa, kilichosomwa kando ya kilichorekebishwa, kwa sababu istilahi hupimwa kwa kutenganishwa na jirani yake. Na kaeni maabarani pamoja na mafundi kabla hamjawapelekea kamusi, kwani wao huwa wamekwisha kuviita vitu hivyo kwa majina, na baadhi ya majina hayo ni mazuri kuliko yetu.

Fundi wa Nairobi aliyesoma nyuzi 100 hakukosea kusoma. Anachohitaji kutoka kwetu ni fomu inayomuuliza swali sahihi kwa lugha anayoielewa, ili petroli iliyoshindwa isipande ndege kwa sababu ya neno. Hiyo ni kazi ya isimu, na ni kazi yetu.